Mama katoka hospitali na mashine ya oksijeni: tumwajiri nesi wa kukaa naye?

SWALI: Mama yetu ana miaka 64. Amepikia kuni maisha yake yote, na kwa miaka mingi alikuwa mama lishe hapa Morogoro. Mwezi huu alilazwa siku tisa, tukaambiwa ana COPD, ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa. TB alipimwa, hana. Ameruhusiwa na mashine ya oksijeni ya kuazima. Tuliambiwa tuweke lita 1 kwa dakika na kipimo cha kidole, kile cha kupima oksijeni ya damu, kisome kati ya asilimia 88 na 92. Alipewa prednisolone ya siku tano na pampu mbili, ya bluu ya kutumia akibanwa na nyingine ya asubuhi na jioni. Kaka aliona 89 ni ndogo akapandisha mpaka lita 4, sasa inasoma 98. Lakini siku mbili hizi mama anasinzia mno, na asubuhi analalamika kichwa. Pampu anasema hazimsaidii. Jirani anatuambia akizoea oksijeni hataiacha tena. Kitandani hatoki, tunampelekea kila kitu. Tunafikiria kuchangishana tumwajiri nesi wa kukaa naye usiku na mchana, ila gharama ni kubwa. Je, ni lazima?

JIBU: Pole sana na kuuguza. Swali la nesi nitalifikia, ila kabla hamjachanga hata shilingi moja kuna jambo la kufanya leo hii. Mgonjwa wa COPD aliyepandishiwa oksijeni, kisha akaanza kusinzia mchana na kuamka na maumivu ya kichwa, anaonyesha dalili za kaboni dayoksaidi, yaani ile hewa chafu tunayoitoa nje, kujaa kwenye damu. Mwamsheni. Muulizeni jina lake, yuko wapi, leo ni siku gani. Akishindwa kukaa macho, akijibu yasiyoeleweka, au viganja vikipigapiga vyenyewe anaponyoosha mikono mbele, mpelekeni hospitali sasa hivi. Akiwa macho na anaongea vizuri, bado aonwe leo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa sababu kinachohitajika ni kupima gesi za damu, na kipimo hicho hakifanyiki nyumbani.

Wakati mnajiandaa kuondoka, shusheni mashine kutoka lita 4 hadi 2, mtazame kipimo kwa dakika kumi hivi, kisha mteremke kuelekea 1. Msiizime. Ukimkatia oksijeni ghafla mtu ambaye hewa chafu imeshajaa kwenye damu yake, oksijeni inaweza kuporomoka chini kuliko ilivyokuwa kabla hajawekewa. Mnachotafuta ni mtiririko mdogo kabisa unaomweka kwenye 88 hadi 92. Kama lita 1 haitoshi kumfikisha hapo, mwacheni kwenye kiasi kinachomfikisha na mwelezeni daktari hivyo hivyo.

Kaka yako alifanya kwa upendo, na ndugu wengi wangefanya vivyo hivyo, kwa sababu kwa mtu mzima wa afya 98 ndiyo namba nzuri. Kwa mama haiko hivyo. Moshi wa miaka mingi umebana njia za hewa na kuharibu vifuko vidogo vya mapafu, kwa hiyo kuna maeneo ya mapafu yake ambayo hewa haifiki vizuri. Mwili unajua kujitetea: unabana mishipa ya damu inayokwenda kwenye maeneo hayo mabovu ili damu ielekezwe kwenye maeneo mazima. Ukimwagia oksijeni nyingi, mishipa ile inafunguka, damu inarudi kupita mahali ambapo hakuna hewa ya kuisafisha, na inatoka na uchafu wake. Juu ya hayo, chembe nyekundu za damu zikijaa oksijeni hushindwa kubeba kaboni dayoksaidi kama kawaida, nayo inabaki ikielea kwenye damu. Damu inakuwa na asidi, mishipa ya ubongo inatanuka, kichwa kinauma hasa asubuhi kwa kuwa usingizini upumuaji hupungua, na usingizi unakuwa mzito mpaka kuwa hatari. Wakati huo wote kipimo cha kidole kinasoma 98, kwa sababu hakipimi kaboni dayoksaidi kabisa.

Kwa hiyo oksijeni ni dawa, na ina dozi yake. Andikeni kwenye karatasi "LITA 1, LENGO 88–92" na muibandike juu ya mashine. Mtu yeyote wa nyumbani asipandishe bila kuongea na daktari, na mama akifika hospitali au akipanda gari la wagonjwa, aliyefuatana naye aseme lengo hilo kwa mdomo wake, maana hata huko mtu mwenye haraka anaweza kumfungulia lita 10 kwa nia njema.

Jirani naye ajibiwe. Oksijeni haileti uraibu. Anayeihitaji kwa muda mrefu anaihitaji kwa sababu mapafu yamechakaa, na angeihitaji hata kama asingewahi kuiona. Utafiti uliofanyika Marekani na Uingereza, uliochapishwa mwaka 1980 na 1981, ulionyesha kuwa wagonjwa wa COPD wenye upungufu mkubwa wa oksijeni huishi muda mrefu zaidi wakiitumia angalau saa 15 kwa siku, saa za usingizi zikiwemo. Wenye upungufu wa wastani hawakupata faida hiyo katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2016. Kwa hiyo kuitumia saa mbili jioni "ili apumzike" hakumpi mama kile alichoandikiwa. Kama daktari amesema saa 15, mpangeni usiku kucha pamoja na sehemu ya mchana.

Kipimo cha kidole nacho kina njia yake. Apumzike dakika tano akiwa amekaa, vidole viwe na joto, kisiwe kidole chenye rangi ya kucha wala hina nyeusi. Subirini namba itulie kwa dakika nzima ndipo muiandike. Namba inayorukaruka haifai kitu. Jueni pia kwamba kwenye ngozi nyeusi vipimo hivi huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli, kwa hiyo 88 inayoambatana na kuhema kwa nguvu msiihesabu kuwa salama. Na kuna mtego mwingine ambao familia nyingi hazijaambiwa. Jiko la mkaa ndani ya nyumba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayong'ang'ania chembe nyekundu za damu, na kipimo cha kidole huisoma kana kwamba ni oksijeni. Mama anaweza kuwa anakosa hewa chumba cha pili kutoka jikoni na kipimo kikaonyesha 95.

Hapo ndipo ilipo tiba isiyoandikwa kwenye cheti cha dawa: moshi uishe. Kama mtungi wa gesi unawezekana, mchango wenu uanzie hapo kabla ya nesi. Kama hauwezekani kwa sasa, kuni na mkaa vipikiwe nje, upande ambao upepo haurudishi moshi ndani, na mama asiwe mpishi wala mpuliza moto. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi na ubani navyo viondoke chumbani kwake; chandarua kitatosha. Mashine na mrija wake vikae angalau mita tatu kutoka kwenye moto wowote, iwe jiko, mshumaa au sigara ya mgeni. Puani msimpake mafuta ya mgando, kwa kuwa mafuta yakikutana na oksijeni hushika moto kwa urahisi. Pua ikikauka, tumieni jeli ya maji au matone ya maji ya chumvi ya dukani.

Mashine yenyewe haina makuu. Iwekeni sentimita 30 kutoka ukutani na mbali na pazia, maana inavuta hewa ya chumba na ikikosa nafasi inapata joto na kutoa oksijeni hafifu. Chujio la sifongo la nje lioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, likauke kabisa ndipo lirudishwe. Kusoma mtiririko, inama macho yawe sawa na kigololi kwenye kile kioo. Mstari wa 1 upite katikati ya kigololi. Kwa lita 1 chupa ya maji ya kuongeza unyevu mara nyingi haina ulazima. Kama ipo, maji yawe yaliyochemshwa yakapoa, yabadilishwe kila siku, na chupa ioshwe, la sivyo mnampulizia mama vijidudu. Mashine ya lita 5 hula umeme wa takriban wati 350, kwa hiyo saa 15 ni kama uniti tano za LUKU kwa siku. Pangeni bajeti mapema, maana mtavuka uniti 75 za mwezi za matumizi madogo. Kwa ajili ya umeme kukatika, tafuteni mtungi mdogo wa akiba. Hesabu yake ni rahisi: wenye lita 680 za oksijeni, kwa lita 1 kwa dakika, unakwenda saa 11 na zaidi kidogo.

Sasa pampu. Mgonjwa akisema pampu haimsaidii, kitu cha kwanza cha kushuku ni namna anavyoivuta. Dawa hutoka kwa kasi kubwa, na anayebonyeza bila kwenda sawa na pumzi yake anaiacha karibu yote ulimini na kooni. Dawa ya hilo ni spesa, kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama hamkupewa, mnaweza kutengeneza. Chukueni chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, chora umbo la mdomo wa pampu kwenye kitako chake, pasha waya moto ukate kufuata mchoro mpaka pampu iingie kwa kubana, kisha ziba pembeni kwa gundi au plasta. Mama ataweka midomo kwenye shingo ya chupa. Kabla ya kuitumia ioshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo na uiache ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki hupata chaji ya umeme na kunasa dawa kwenye kuta zake. Spesa hii ya chupa imepimwa Afrika Kusini kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi sawasawa na zile za kununua.

Namna ya kuvuta: akae wima, tikisa pampu, atoe pumzi yote taratibu, afunge midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja tu, avute polepole na kwa kina, abane pumzi mpaka hesabu ya kumi au anapoweza. Akishindwa kubana, apumue kawaida mara tano ndani ya chupa ileile. Subirini nusu dakika hadi dakika moja, mtikise tena, ndipo mvuto wa pili. Kubonyeza mara mbili kwa mpigo ni kumwaga dawa. Pampu mpya, au iliyokaa siku kadhaa, ijaribiwe hewani kwanza. Ile ya asubuhi na jioni kwa kawaida ina dawa jamii ya steroidi, kwa hiyo asukutue na kutema kila anapomaliza, la sivyo atapata utando mweupe mdomoni. Na angalieni: kama hiyo ya pili ni ya unga mkavu, sheria inageuka. Hiyo haiwekwi kwenye spesa, na huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Soma kikaratasi chake, au muulizeni mfamasia awaonyeshe.

Pampu ya bluu ya kawaida ina mivuto 200. Kuielesha majini ili kujua kama imeisha hakuelezi lolote, hesabuni mivuto. Akitumia miwili mara nne kwa siku, itamalizika siku ya 25. Akibanwa, mpeni mivuto minne kupitia spesa, mmoja mmoja, msubiri dakika kumi hadi ishirini. Asipotulia, rudieni huku mkiandaa usafiri. Mgonjwa anayerudia kuihitaji kabla ya muda wa saa nne kupita anahitaji kuonwa na daktari. Na msikimbilie kununua nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta: pampu yenye spesa, ikivutwa vizuri, inafanya kazi ileile.

Prednisolone ikiisha siku ya tano, imeisha. Familia nyingi huona mgonjwa amechangamka, wanakwenda duka la dawa kuongeza. Utafiti wa Uswisi uliotolewa mwaka 2013 ulilinganisha miligramu 40 kwa siku tano na kwa siku 14, na siku tano zilitosha. Kuendelea kunapandisha sukari, kunadhoofisha mifupa na misuli, na kunaweza kuamsha TB iliyolala. Epukeni pia vidonge vya usingizi kama diazepam na dawa za kikohozi zenye kodini, kwani hupunguza msukumo wa kupumua kwa mtu ambaye tayari anahangaika. Kama ana aminofilini, dawa ya kufungua njia za hewa, kila atakayemwandikia antibayotiki aambiwe: ciprofloxacin na erythromycin huipandisha kwenye damu mpaka mapigo ya moyo kwenda mbio, kutapika, hata degedege.

Kuhusu kitanda, hapa ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu kinaonekana ni huruma. Misuli ya mapaja hunyauka ndani ya siku chache za kulala, na misuli dhaifu hutumia oksijeni nyingi kwa kazi ndogo, kwa hiyo mama atahema zaidi, atalala zaidi, na mguu utazidi kudhoofu. Hewa humbana kwa sababu haitoki yote kabla ya pumzi nyingine kuingia. Mfundisheni kuvuta kwa pua akihesabu mbili na kutoa kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, akihesabu nne, na atoe pumzi wakati wa kazi ngumu: anapoinuka, anapoinua ndoo, anapopanda ngazi. Daktari akishathibitisha kwamba hewa chafu imeshuka, aanze kuinuka kwenye kiti mara tano, apumzike, na arudie mara tatu kwa siku. Baada ya siku chache atembee mpaka mlangoni, kisha mpaka uani, mrija ukiwa puani kama mashine inafika. Kuhema ni ruhusa ilimradi anaweza kusema sentensi fupi. Kipimo kikishuka chini ya 85 au kifua kikimuuma, akae, na mmweleze daktari. Feni ndogo ikielekezwa usoni humpunguzia mgonjwa hisia ya kukosa hewa, kwa hiyo ile hofu ya "upepo utampiga kifuani" iacheni. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mazoezi ya aina hii yamefanyiwa majaribio kwa waliopona TB wakabaki na makovu ya mapafu, na walipata nafuu ya kutembea na kupumua. Ulizeni kama hospitali yenu ina mtaalamu wa fiziotherapia wa kumwanzishia, ikiwezekana ndani ya mwezi huu.

Chakula ale kidogo kidogo mara tano au sita, maana tumbo likijaa linasukuma juu na kubana mapafu. Uji wenye karanga na maziwa, mayai, dagaa, maharage, parachichi. Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ileile.

Basi, nesi. Nesi wa usiku na mchana anafaa kwa mgonjwa asiyeweza kujigeuza, mwenye mpira wa mkojo au wa chakula, mwenye vidonda vya kulalia, au anayeishi peke yake. Mama, kama ulivyomweleza na kama atarudi salama kutoka kwenye kipimo cha leo, hayuko huko. Fedha hiyo ningeitumia kwa ziara za muuguzi aliyesajiliwa: ya kwanza ndani ya siku mbili tatu za kurudi nyumbani, mbili kila wiki kwa wiki mbili, kisha moja kila wiki mpaka mwezi uishe. Mwombeni leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania bila kuona haya, na muulizeni kama ameshauguza mgonjwa wa oksijeni nyumbani.

Jua pia cha kumdai. Ziara ya dakika kumi ya kupima presha na kuondoka haina faida kwenu. Ahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kumwambia mama, kwa sababu mtu akijua anahesabiwa hubadili upumuaji. Amwone akivuta pampu mbele yake. Abonyeze vifundo vya miguu kuangalia uvimbe, atazame rangi na wingi wa makohozi, asome daftari lenu, na akague kigololi cha mashine. Muhimu kuliko yote, amfundishe mtu mmoja wa nyumbani, mmoja mwenye jina, kufanya hayo kila asubuhi na kuyaandika: saa, lita, kipimo, pumzi kwa dakika, makohozi, alivyolala, umbali aliotembea. Nyumba yenye wauguzaji sita wasio na daftari ndiyo ambayo kila mmoja anageuza mashine kwa zamu yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu anaweza kupita kuangalia hali na kuwaelekeza, ila maamuzi ya dozi si yake, wala si ya nesi.

Msisubiri ziara wala kliniki mkiona haya: usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa; ulimi au ndani ya midomo kugeuka rangi ya buluu au kijivu, maana kwenye ngozi yetu kucha na mashavu hudanganya; kipimo chini ya 88 ambacho hakipandi akiwa ametulia kwenye lita alizoandikiwa; pumzi zaidi ya 30 kwa dakika; kushindwa kumaliza sentensi; maumivu makali ya kifua, mguu mmoja kuvimba, au damu kwenye makohozi. Makohozi yakiongezeka na kugeuka kijani au njano pamoja na kubanwa, aonwe siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo antibayotiki inaweza kuhitajika. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au kikohozi kilichobadilika kwa wiki mbili, apimwe TB tena hata kama mara ya kwanza hakuwa nayo.

Kliniki ya kwanza iwe ndani ya wiki mbili, na mwende na pampu zote, spesa na daftari. Hapo muulizeni pia chanjo za mafua na nimonia. Kisha baada ya miezi miwili au mitatu, mama akiwa ametulia, oksijeni yake ipimwe upya bila mashine, akiwa amepumzika. Wapo wanaotoka wodini wakiihitaji na wakishapona lile shambulio wanakuwa hawaihitaji tena. Akikutwa hivyo, daktari ataiondoa na mtairudisha mashine mlikoiazima. Akikutwa bado yuko 88 au chini, ataendelea na saa zake 15.